Mjusi Juu ya Kofia ya Mzee Rage

Ndugu yangu Abdisalam hajawahi kuiba, hajawahi kutafuna miraa, hajawahi kumpiga bibi yake. Nasema hayo kwanza ili mtu asije akasema Ebla anamchukia ndugu yake. Lakini aibu alituletea yeye kwa mkono moja, wezi wote wa Garissa wakikusanyika hawawezi kuletea familia moja.

Tunakaa Sangailu, upande wa Ijara, mahali nyasi imelala mpaka macho inachoka. Mlima hakuna, mawe hakuna. Mvua ikinyesha, nyasi inafika kiuno ya mtu, na ndani ya hiyo nyasi kila kitu ya kutambaa inatoka. Kobe inatoka, bafe inatoka, kenge inatoka kutafuta mayai ya kuku wangu, na chura kubwa kama birika zinapasua udongo na kuanza kelele. Jua ikirudi, yote inaingia chini, kwa nyufa na kwa vichuguu, unasahau kama ilikuwepo.

Abdisalam ndiye hakusahau. Yeye ni mlinzi wa silanga, lile bwawa tulichimbiwa kwa ajili ya mifugo. Kazi yake ni kufungua ua ya miiba asubuhi, kusema ng'ombe ya nani inakunywa kwanza, na kufukuza wale wanafua nguo ndani ya maji. Ni kazi ya kukaa. Na mtu akikaa sana peke yake na kitu ya kutambaa, anaanza kuijua kama majirani.

Kwake yeye kila moja ilikuwa na hukumu yake. Chura haiuawi, dini imekataza. "Hiyo kelele si kelele," alikuwa anasema, "inamsifu Mungu." Siku moja Bishara, mama ya jirani, alijaza mitungi yake, akafunga juu ya punda, tayari kwenda. Abdisalam akasikia chura ndani ya mtungi moja. Akafungua kamba, akamwaga maji yote chini mpaka chura ikatoka, ikakaa pale inamtazama.

Bishara akamwambia, "Abdisalam, sasa hiyo chura ndiyo itapikia watoto wangu?"

"Wewe ulitaka kumbeba mtu anaswali," akasema.

Mimi nilikuwa nimesimama hapo. Nilifunika uso na shuka.

Nyoka nayo haiuawi ndani ya nyumba kabla ya kuambiwa, kwa sababu inaweza kuwa jini. Hiyo pia ni dini, sitabisha. Lakini wewe ukiona bafe nono imelala chini ya kitanda ya watoto, utakumbuka kuiambia? Abdisalam alikumbuka. Alisimama mlangoni, akaiapisha kwa jina la Mungu, akaipa siku tatu ihame. Batula, bibi yake, alikuja kwangu na watoto na godoro kichwani.

"Ebla, nimefukuzwa na nyoka," akasema.

"Umefukuzwa na bwana yako," nikamwambia. "Nyoka haijasema kitu."

Na ile bafe ilihama. Ilihama yenyewe, kwa amani, siku ya tatu asubuhi, na Abdisalam akatembea Sangailu nzima kama mtu ametoka Hija.

Kobe haina hukumu, lakini aliona huruma. Akiikuta kwa njia ya lori ameinua, amepeleka kwa nyasi, na anaiongelesha njiani. Watu wa magari walikuwa wanapunguza mwendo kumwangalia mzee mzima anasalimia kobe.

Sasa mjusi. Sisemi ile ya nje ya kichwa ya bluu, inaota jua juu ya kichuguu. Nasema mjusi ya nyumba, ile ya rangi ya majivu, inakimbia ukutani kama imeiba. Hiyo kwake haikuwa na siku tatu. Hapa kila mtu anajua sababu. Nabii Ibrahim alipotiwa motoni, mjusi ilipuliza moto iwake zaidi. Dini imesema iuawe, na ukiiua kwa pigo la kwanza thawabu yake ni kubwa, pigo la pili inapungua, la tatu inapungua tena. Mtu wa kawaida akiona mjusi na ako na ufagio, anapiga, anaendelea na kazi yake. Ndugu yangu hakuwa mtu wa kawaida. Alitaka pigo la kwanza.

Nakumbuka siku hooyo, mama yetu, alitupa hiyo hadithi. Tulikuwa wadogo, tumerudi na ndama, njaa imetushika. Hooyo akasema wanyama wote walibeba maji kuzima ule moto, hata chura alibeba kwa mdomo, na mjusi peke yake ikapuliza. Mimi niliuliza chakula iko wapi. Abdisalam alilia. Alilia mpaka hooyo akamshika kifuani, akamwambia, "Nabii hakuungua, mwanangu, hakuungua." Yeye akasema, "Lakini ilipuliza." Tangu siku hiyo, kwa huo moto, yeye ni mtu wa upande moja.

Ufagio aliona ni taratibu sana. Fimbo, mjusi inaona kivuli yake. Alitumia akala, kiatu ile ya tairi, nzito kama jiwe. Anaivua bila wewe kujua, anairusha. Na analenga vizuri, siwezi kukataa. Lakini mjusi haikai mahali wazi. Inakaa karibu na kitu ya mtu. Kwa duka ya Jama alivunja taa. Kwangu alipasua thamosi, chai ikamwagika kwa msala. Kila mara aliokota ile mjusi kwa mkia, akaniangalia na furaha ya mtoto.

"Pigo la kwanza, walaal, dada yangu."

"Na thamosi?"

"Thamosi ni ya dunia."

Basi, huyo mtu alikuwa na binti moja, Idman. Msichana mzuri, amesoma mpaka kidato cha nne, anauza dawa kwa duka moja ya Garissa. Mimi ni eddo yake, dada ya baba, na kwetu eddo ana neno kwa ndoa. Kijana anaitwa Abdilatif alimtaka, mwalimu wa shule ya msingi, mpole, hana maneno mengi. Baba yake ni Mzee Rage, na Mzee Rage anajulikana kutoka Garissa mpaka Habaswein. Ni yule mzee akiingia mahali watu wanagombana kwa sababu ya kisima, wanaketi. Ndevu ya hina, kofia nyeupe, miwani. Mtu kama huyo akitaka binti yako, unaanza kunyoosha mgongo ukitembea.

Idman alinipigia simu. "Eddo, wanakuja Alhamisi. Eddo, nakuomba. Aabo."

"Aabo nini?"

"Eddo, wewe unajua nini."

Nilijua. Alisema aabo, baba yake, mjusi hakusema, alikuwa na aibu hata ya kusema. Nikamwambia awache kwangu.

Alhamisi asubuhi mimi na Batula tulipita na ufagio kila pembe ya ile nyumba. Tulipiga ukuta, tukapiga mabati, tukafukuza mjusi mbele yetu kama mbuzi. Tukatandika mikeka, tukachoma ubani. Nyirinyiri ilikuwa tayari, nyama ya ngamia imekatwa ndogo ndogo, imekaushwa, imekaangwa na samli na iliki mpaka harufu inafika silanga. Maziwa ya ngamia kwa vibuyu, imefukizwa moshi vizuri. Halafu nikamwita ndugu yangu nje.

"Warya, Abdisalam. Leo hakuna mjusi."

"Ikikuja?"

"Hata ikikuja na bibi yake na watoto yake. Leo wewe ni baba ya msichana. Wazee wetu wataongea, wewe utanyamaza, wakikuuliza utasema tumesikia. Basi."

"Nitaangalia chini."

"Na akala?"

"Nimeacha mlangoni."

Akala moja ilikuwa mlangoni. Niliiona na macho yangu, pamoja na viatu ya wageni. Ile nyingine ilikuwa chini ya paja yake, ndani ya kikoi. Batula alipaswa kuuliza iko wapi. Miaka yote amelala na huyu mtu, hajui kuhesabu mpaka mbili?

Wageni walifika na gari mbili. Wanaume wakaingia, wakaketi, Mzee Rage katikati, mgongo kwa ukuta. Sisi wanawake tulikuwa nyuma ya pazia. Hiyo pazia iko na tundu, na mimi ndiye mkubwa, tundu ilikuwa yangu. Idman alisimama nyuma yangu ameshika shuka yangu na vidole viwili, kama wakati alikuwa mdogo.

Mzee Rage akaanza kuongea. Walahi, mimi nimezeeka nikisikia wanaume wakiongea, sijasikia vile. Sauti ya chini, hana haraka. Alisema nyasi ikiwa nzuri mtu haulizi mvua ilitoka wapi, lakini yeye amekuja kuuliza, kwa sababu ameona msichana ametulia na anataka kujua ni nyumba gani ilimlea. Akasema wamekuja na mikono mitupu na moyo imejaa. Akamalizia na dua, akanyamaza.

Kwetu hapo ndipo baba ya msichana pia ananyamaza. Hajibu haraka, asionekane anatupa mtoto. Anaacha kimya ikae kidogo, ndiyo heshima. Na Abdisalam alinyamaza vizuri sana. Nilianza kumpenda.

Ndipo mjusi ikatoka kwa mabati.

Ilishuka ukutani taratibu, ikasimama, ikashuka tena, ikasimama juu kidogo ya kofia ya Mzee Rage. Imetulia. Inapumua, naona shingo yake inapiga. Na ndugu yangu, aliyesema ataangalia chini, akainua macho.

Nilikohoa. Nikakohoa tena kama mtu wa kifua kikuu. Batula alipiga birika na kijiko. Abdisalam hakusikia. Ilikuwa mahali wazi, ukuta mweupe, haisongi. Maisha yake yote hajapata mjusi imekaa vizuri hivyo. Niliona mkono yake inaingia chini ya kikoi, na mimi sikuweza kutoka nyuma ya pazia mbele ya wanaume wageni. Nilisema tu, kwa sauti ya chini, "Ya Allah, mkate mkono."

Akairusha.

Mjusi iliruka. Akala haikuruka. Ilimpiga Mzee Rage hapa, katikati ya paji la uso, kofia ikaanguka nyuma, miwani ikaingia ndani ya chai. Na ile mjusi ilitupa mkia vile inafanya ikiogopa, na mkia ikaanguka ndani ya sahani ya nyirinyiri, ikacheza pale juu ya samli, inajikunja, inajikunja, na wazee wote wakaiangalia kwa sababu hakuna aliyetaka kuangalia uso wa Mzee Rage.

Kiatu. Kwa uso. Ya mgeni. Amekuja kuomba binti.

Kama angeanguka miguuni yake pale pale, pengine. Kama angelia. Lakini ndugu yangu alisimama, shingo ndefu, anatafuta kwa mabati, akasema mbele ya kila mtu, "Imeponyoka!"

Mzee Rage alitoa miwani kwa chai. Akaifuta na pembe ya shuka, polepole. Alipoivaa ilikuwa bado inatoa tone.

"Nimepigwa na jua," akasema. "Nimepigwa na kiu. Vijana wa kisimani wamenipiga na fimbo nikiwatenganisha. Kiatu, hapana. Hiyo nilikuwa bado."

Akainuka. Wenzake wakainuka. Batula alitoka na kibuyu ya maziwa, amesahau hata kufunika kichwa vizuri, anamwomba wanywe kidogo tu. Mzee Rage akamwambia, "Mama, maziwa yako haina kosa." Lakini hakunywa. Mgeni akitoka kwa nyumba yako bila kuonja maziwa, afadhali angekutukana.

Vile vidole viwili viliacha shuka yangu. Nilipogeuka, Idman alikuwa ameketi chini, uso kwa ukuta.

Kwetu ukimvunjia mtu heshima mbele ya watu, unatoa haal. Si kama faini ya polisi, unalipa unaenda. Unapeleka mnyama, unaenda wewe mwenyewe na wazee yako, unasimama mbele ya watu yake, na unasema kwa mdomo yako kile ulifanya. Bila hiyo, ndoa haiwezi hata kutajwa. Neno lilikuja kutoka Garissa kupitia wazee: tunangoja haal.

Abdisalam alisema ngamia atatoa. Alikuwa na ngamia moja ya maziwa, akasema ichukuliwe. Shida ilikuwa ni kusema.

Nilimkuta silanga. Alikuwa amehamia huko kabisa, anakula huko, analala huko. Msikitini hakwenda, kwa sababu watoto walikuwa wanamwita Aabo Mjusi, na watu wazima walikuwa wanavuta viatu yao karibu akipita, wanacheka ndani ya ndevu.

"Utaenda," nikamwambia. "Utasema umekosa."

"Nimemkosea Mzee. Nitasema hivyo hata nikiwa nimelala."

"Na utasema kurusha ilikuwa ujinga."

Akaangalia maji.

"Abdisalam."

"Walaal, nikisema hivyo nitakuwa nimekubali mjusi haina kosa."

"Binti yako anakaa bila bwana, na wewe unahukumu mjusi!"

"Naweza kusema nililenga vibaya."

Nilitafuta kitu ya kumpiga nayo. Nilikosa, nikamtupia mchanga. Alifunga macho, akangoja nimalize mchanga ya mkononi, akajipangusa. Aliniuliza Idman anakula? Nikamwambia hapana. Hiyo ilikuwa uongo kidogo, alikuwa anakula, lakini mimi nilitaka iingie.

Tulienda Garissa na lori, ngamia nyuma na sisi mbele. Nyumbani kwa Mzee Rage watu walikuwa wamejaa. Mtu akipigwa na kiatu, kila mtu anataka kuja kusikia haal yake, hata wale si wa ukoo. Wanaume walikaa uwanjani, wanawake chini ya ukuta. Idman alikuja kutoka kazini, akakaa nyuma yangu na buibui yake, uso wote umefunikwa, macho tu.

Ndugu yangu alisimama katikati. Alikuwa amekonda. Miguu mitupu, viatu zote mbili ameacha kwa lori, nilihakikisha mwenyewe.

"Mimi ni Abdisalam," akasema, kama kuna mtu hajui. "Mzee Rage alikuja kwangu na heshima. Aliketi kwa mkeka yangu. Nilimpiga na kiatu kwa uso. Sikuwa na ugomvi na yeye. Nililenga mjusi."

Watu walianza kuinamisha vichwa. Mabega inatikisika.

"Mtu nimemkosea, na ninaomba msamaha mbele ya Mungu na mbele yenu. Ngamia ni huyu. Mjusi…" Akasimama. Nilimuombea afunge mdomo. "Mjusi sijaikosea."

Sasa walicheka wazi. Mzee Rage akainua mkono, wakanyamaza.

"Abdisalam, niambie ukweli," akasema. "Kama ungejua kiatu itanipiga mimi, ungerusha?"

Swali rahisi. Mtoto wa chekechea angeijibu. Unasema hapana, haki ya Mungu, hapana. Na ndugu yangu alifikiria! Alisimama pale mbele ya Garissa yote, amekunja uso, anafikiria. Ngamia ikatafuna, ikameza, ikarudisha, ikatafuna tena.

"Hapana," akasema mwisho. "Ningekuambia kwanza uinamishe kichwa."

Mzee Rage aliangalia chini. Halafu ndevu ya hina ikaanza kutetemeka, na yule mzee akacheka mpaka akashika kifua, mpaka wakamletea maji. Uwanja yote ikacheka. Mtu alianguka na kiti. Mzee akamwita Abdisalam, akamshika mkono, akamketisha karibu, akaagiza maziwa, akanywa, akampa kibuyu hiyo hiyo anywe.

"Haal nimepokea," akasema. "Siku ya nikah utaketi mkono wangu wa kulia. Na kofia nitavua mapema."

Wakacheka tena. Abdisalam naye alicheka kidogo, anaangalia huku na huku, hajui vizuri wanacheka nini. Mimi nilisema alhamdulillahi, imeisha. Nikageuka kumwambia msichana.

Macho yake ilikuwa kavu.

"Walimcheka, eddo."

"Walimsamehe."

"Walimcheka. Wakikasirika ingekuwa afadhali. Eddo, unajua pale kazini watu wanakuja kuniuliza nini? 'Dada, mko na dawa ya mjusi, ama nimwite baba yako?' Wananunua panadol, wanaangalia ukuta juu yangu, wanainama. Wanainama, eddo! Kila siku. Na siku ya nikah yangu watakuwa wamekuja kumwangalia yeye. Watangoja mjusi ishuke. Wengine wataibeba kwa mfuko, wanaweza."

"Mzee Rage amesema ataketi kulia yake."

"Mzee Rage ni mtu mzuri." Akavuta nikabu juu. "Aabo asije. Mwambie wewe, mimi siwezi."

Nilipaswa kumpiga kofi. Eddo ana haki hiyo. Lakini nilikuwa nimekaa kwa huo uwanja nikisikia hiyo kicheko, na kofi haikutoka.

Nilimwambia ndugu yangu ndani ya lori, tukirudi. Sikutafuta maneno laini, sina. Nilisema binti yako hataki uje. Tulikuwa tumetoka mjini, na yeye alikuwa bado na furaha, anasema vile maziwa ya Mzee Rage ilikuwa na moshi mzuri. Dereva akaongeza redio, akapunguza tena.

"Ni kwa sababu ya watu?" akauliza.

"Ni kwa sababu yako."

"Ndiyo," akasema. "Ana haki."

Nilitaka abishane. Aseme mimi ndiye baba, bila mimi hakuna nikah, aseme huyo msichana nilimbeba mgongoni ukame mzima kutoka huku mpaka kule. Ningemsaidia, walahi, ningempigia Idman simu hapo hapo. Mtu anabishana kwa sababu ya chura ndani ya mtungi, anabishana kwa sababu ya mjusi mbele ya wazee, na kwa mtoto yake mwenyewe anasema ana haki. Hiyo ndiyo sijamsamehe. Kiatu ilikuwa ujinga, ujinga ni ya Mungu. Lakini kukubali kutupwa, na kukubali haraka hivyo, hiyo alichagua.

"Batula aende," akasema. "Na wewe uende. Mtu asiseme hana watu."

Dini inaruhusu baba ampe mtu mwingine wakala, amuozeshee binti. Siku ya nikah sheikh alimpigia simu kwa simu yangu, akaweka sauti ya juu, wanaume wote wanasikia.

"Abdisalam, unanipa wakala nimuozeshe binti yako Idman kwa Abdilatif?"

"Nimekupa."

Sauti yake ilikuwa safi. Hakuna aliyecheka. Mimi nilikuwa mlangoni, upande wa wanawake, naona ndani. Kulia ya Mzee Rage mkeka ilikuwa wazi. Watu walikuwa wamebanana mpaka ukutani, goti juu ya goti, na hapo hakukaa mtu, kwa sababu kila aliyetaka kukaa Mzee alimwambia pana mwenyewe. Abdilatif alikuwa anaiangalia hiyo nafasi kuliko alivyomwangalia sheikh. Upande wetu Idman aliketi na hina mpaka kiwiko, dera ya manjano inang'aa, dhahabu ya mama yake shingoni. Wanawake walikuwa wanasema mashallah, mashallah. Yeye pia angeweza kuona ile nafasi, mlango ulikuwa wazi. Alikuwa anaangalia mikono yake.

Sheikh akamaliza. Vigelegele ikapigwa. Simu ikarudishwa kwangu mkono kwa mkono, na ilipofika niliona bado haijakatwa. Nikaweka sikioni.

"Walaal?" akasema.

"Nini?"

"Imeisha?"

"Imeisha. Ameolewa."

Nilisikia akivuta pumzi. 

"Amevaa nini?" akauliza.

Nilimwangalia msichana. Batula alikuwa anamfunga bangili, na Idman alikuwa ameinua uso sasa, ameona simu sikioni mwangu, ameona nani. Midomo yake ikafunguka kidogo. Nilingoja. Nilimpa nafasi anyooshe mkono, nimpe simu. Akarudisha macho kwa bangili.

"Nguo," nikamwambia ndugu yangu, na nikakata.